Bi Somoe na Dawa ya Baridi

Mwajuma alinipigia simu nikiwa nakata sare za shule. Hakusalimia. Alisema tu, "Mtani wako ametutoka," nami nikaweka mkasi chini nikakaa juu ya vitambaa vya watu. Watani ninao wengi, mji wa Lindi umejaa watani, lakini mtani ambaye hakuhitaji kutajwa jina alikuwa mmoja: Bi Somoe, mama yake Mwajuma, Mmatumbi wa milimani aliyeolewa Pande. Mimi ni Mmwera wa Rutamba. Kwa asiyejua mambo yetu, Mmwera na Mmatumbi wakikutana hutukanana mbele za watu na hakuna anayenuna, na siku ya msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka marehemu wakati wafiwa wanalia. Kwa hiyo Mwajuma hakuwa ananipa habari peke yake, alikuwa ananiita kazini. Nilifunika cherehani, nikajitanda khanga, nikaenda stendi. Basi lilipokuwa limeshaiacha Lindi nyuma ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu uko kwenye muundi wa mguu wa kushoto, penye kovu, na kwamba umekuwa hapo tangu tulipoondoka.

Mwaka uliolileta kovu hilo ni ule ambao simu za tochi zilikuwa ndio kwanza zimeingia vijijini kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jembe lilikuwa limenikata tukipalilia mikorosho, jeraha dogo tu, la kufunga kitambaa na kuendelea na kazi, lakini halikupona. Likapanuka, likachimba, likawa lile ambalo watu huliita donda ndugu. Nilimeza vidonge vya rangi zote na kuchomwa sindano mpaka nikawa nakaa upande. Kila dawa ilileta nafuu ya siku chache, kisha usaha ukarudi kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Kibaya zaidi kilikuwa harufu. Kwenye harusi nilikaa mwisho wa mkeka, upande ambao upepo unakwenda, na watu wote walikuwa na adabu, hakuna aliyesema kitu, walisogea tu. Adabu ile iliniumiza kuliko jembe. Lindi kulikuwa na fundi aliyekubali kunifundisha kushona nikipona, na cherehani zake zilikuwa za kukanyaga kwa miguu. Ndoto yangu yote ilikuwa pale, kwenye kile kibao cha chuma cha kukanyagia. Halafu hospitali ya kwanza tuliyokwenda ikasema mguu ukatwe chini ya goti. Mama alikataa, akasikia kwamba Kilwa Kivinje, kwenye kituo kimoja kidogo cha afya, kuna daktari anayejaribu dawa mpya ya vidonda sugu. Tukafunga virago.

Wadi ya wanawake ilikuwa kwenye jengo la zamani la kuta nene, na madirisha yake yalikuwa juu mno. Ukilala uliona anga, ukisimama uliona matawi, na wanaopita nje uliwajua kwa sauti zao tu. Vitanda vilikuwa vinne. Mimi nilipewa cha karibu na mlango, eti kwa ajili ya upepo, alivyosema Sista Agata, muuguzi wetu, mwanamke Mkatoliki mwenye viatu visivyotoa sauti na moyo mweupe. Nilijua sababu yenyewe, na nikashukuru kwa uongo ule. Kwenye kitanda cha pili yangu alikuwa amekaa mama mmoja mnene, magongo mawili yameegemezwa ukutani, anamenya vitunguu kwenye sinia kana kwamba yuko uani kwake. Mguu wake wa kulia uliishia chini kidogo ya goti. Aliniangalia nikilazwa, akanusa hewa waziwazi, akaniuliza, "Unatoka wapi, mwanangu?" Nikamwambia Rutamba. "Mmwera?" Nikasema ndiyo. "Alaa! Ndiyo maana. Nilidhani kuna panya amefia darini."

Mama yangu alishika mdomo. Mimi nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aiseme harufu ile kwa sauti, na sasa ilikuwa imesemwa, na paa halikuanguka. Nikajibu kabla sijafikiri. "Shikamoo, Bibi. Na wewe mguu wa pili umeupeleka wapi? Nasikia Wamatumbi njaa ikizidi hamchagui." Kitanda chake kilianza kulia kwa kicheko. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Niliula na muhogo, kwa tui zito. Ningejua unakuja ningekuwekea kidole." Sista Agata alichungulia mlangoni akitutazama kama watu wa kuhamishiwa kwingine. Tangu jioni ile sikuwahi tena kuuficha mguu wangu chini ya shuka.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana, au ndivyo nilivyomwona, ingawa alinizidi kama miaka kumi. Dokta Neema alitokea bara, alitembea haraka, aliongea haraka, na alikuwa na tabia ya kukaa kitandani mwa mgonjwa anapoeleza jambo. Alitueleza kwamba wadudu wa kidonda changu hawakai ovyo ovyo wakingoja kuuawa. Hujikusanya, hujijengea utando wa ute juu yao, na chini ya utando huo wanaishi raha mustarehe. Dawa ninazomeza zinafika, zinapiga juu ya utando, zinateleza. Wanakufa wachache walio nje, walio ndani wanazaa tena. Bi Somoe, ambaye hakuwahi kukubali mazungumzo yampite, akauliza huo utando ukoje. Dokta akawaza kidogo. "Bibi, ukiamka asubuhi, kabla ya mswaki, ukipitisha ulimi kwenye meno unakuta nini?" "Ukoga." "Basi ni ukoga. Zuwena ana ukoga kwenye kidonda, na ukoga hautoki kwa kusukutua maji." Dawa yake mpya, alisema, haiui mdudu hata mmoja. Ni kimeng'enya, kitu cha kukata ule ute vipande vipande, kubomoa nyumba. Nyumba ikishabomoka, ndipo antibayotiki inapoingia na kuwakuta wadudu wako uchi. Alituambia pia, na alisema wazi, kwamba wanajaribu tu, kwamba nina haki ya kukataa. Mama akaniangalia. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi ingawa kuandika najua, kwa haraka ya kutaka waanze.

Korosho zilipoanza kudondoka Mama alilazimika kurudi shamba. Aliniaga akilia, akamwambia Bi Somoe, "Nakuachia mtoto." Bi Somoe akamjibu, "Niachie, nitamla polepole," na kwa maneno hayo Mama akaondoka moyo umetulia, maana alijua maana yake. Tokea hapo nililelewa. Bi Somoe alikuwa anangoja kisigino cha goti lake, kama alivyokiita kile kipande kilichobaki, kipone vizuri apate mguu wa bandia, na kungoja hakukuweza. Nyuma ya wadi kulikuwa na banda la jiko la wauguzaji, na yeye alilitawala kwa magongo yake. Alinipikia uji wa mtama asubuhi, mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na samaki kila ndugu zake walipoleta kutoka Pande. Alininyang'anya miiba mdomoni akisema Mmwera hajui kula samaki. Usiku wa joto alinipepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka mkono wake ukalegea, halafu asubuhi akaapa kwamba alikuwa anafukuza harufu. Nilimpenda. Sijawahi kumwambia mtu kwa maneno hayo, kwa hiyo nayaandika hapa.

Dawa yangu ilikaa kwenye friji. Alfajiri Sista Agata aliitoa chupa ndogo ya siku hiyo, akaiweka kwenye kimeza changu ipungue baridi wakati anazungukia wadi nyingine. Jua likishatoka alirudi, akalowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akaliweka juu ya kidonda kwa muda, akaosha, kisha ikafuata antibayotiki. Ndivyo alivyoagizwa na ndivyo alivyofanya. Alichokuwa hakijui ni kwamba akishatoka tu, Bi Somoe anaamka, anaichukua chupa, anaitia kifuani, anachapuka na magongo hadi jikoni, na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya chai yanayotokota. Anaiacha humo akipuliza mkaa. Sista anaporudi chupa ipo palepale mezani, vuguvugu, ya kupendeza. Mimi nilijua na nilifurahi, maana lile gozi lilinipa faraja. Bi Somoe alikuwa na sababu yake. Mguu wake ulikuwa ukioshwa kwa maji baridi, asubuhi za kipupwe, na alisema aliisikia baridi ikipanda kwenye mfupa, siku hadi siku, mpaka ikafika mahali pa kukatwa. "Wewe haitakuingia," aliniambia, akinifunika. "Mimi nipo."

Kwenye wadi ya wanaume kulikuwa na mzee mwenye kidonda kibaya kuliko changu, aliyeanza dawa ileile siku niliyoanza mimi. Tulipata habari zake kupitia dirishani. Usaha umekauka. Nyama nyekundu imeota. Anatembea hadi msikitini. Mimi nilikuwa vilevile. Dokta Neema alikuja kila siku, akafungua bandeji, akainama, na kila siku alikaa kitandani kwangu muda mfupi zaidi. Alibadilisha antibayotiki. Akabadilisha tena. Siku moja alasiri nilimsikia yeye na Sista wamesimama chini ya dirisha letu, hawajui kwamba sauti zinapanda. "Homa imeanza," Dokta alisema. "Nikisubiri itapanda kwenye damu, nitampoteza yeye mwenyewe, siyo mguu tu. Ijumaa ijayo nampeleka Lindi." Sista akauliza, "Kukatwa?" Sikusikia jibu, kwa hiyo nilijua ameitikia kwa kichwa. Nilipogeuka, Bi Somoe alikuwa ameacha kumenya. Hakunitania. Hiyo ndiyo ilinitisha. Alinyoosha mkono kati ya vitanda vyetu akanishika kidole, akakishikilia mpaka adhana ya magharibi.

Kabla Ijumaa hiyo haijafika, ndugu zake walileta pweza mkavu, mgumu kama soli. Bi Somoe alisema nikienda Lindi niende na tumbo lililojaa, akanikokota jikoni nikae kwenye kigoda, mguu juu ya tofali. Dokta Neema alipita akatuona, na nadhani alikuwa hataki kuwa peke yake siku ile, maana alikuja akaketi kwenye mkeka bila kualikwa. Bi Somoe alikuwa anakuna papai bichi, ganda na utomvu wake. "La nini hilo?" Dokta akauliza. "La kumlainisha huyu. Bila papai utamtafuna hadi Idi." Uso wa Dokta ukachangamka kidogo kwa mara ya kwanza wiki ile. "Unajua, Bibi, dawa ya Zuwena ndiyo jamii hiyo hiyo? Papai lina kimeng'enya. Linakata nyama ngumu vipande vidogo vidogo usivyoviona. Dawa yangu inakata ute. Usije ukampaka papai tu, tafadhali, ile yangu imesafishwa. Lakini ukoo ni mmoja." Akataka kusaidia. Akachota konzi la papai lililokunwa akanyoosha mkono kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka.

"Toa mkono!" Bi Somoe alipiga kelele. "Usilitie motoni wewe! Papai unampaka kwanza, mbichi hivi hivi, unamwacha alale nalo. Ukilichemsha kwanza limekufa. Halifanyi tena kazi, linakuwa mboga tu."

Dokta alicheka, akarudisha mkono. "Kweli kabisa. Vimeng'enya vyote moto unaviua, ndiyo maana hata vyangu vinakaa kwenye..." Hakumaliza, kwa sababu Bi Somoe alikuwa amekiangusha kikunio. Alikuwa anaitazama sufuria. Nami nikaitazama sufuria ileile, ya chai ya kila alfajiri. Tulikuwa watu wawili tu duniani tuliojua, mimi na yeye, na yeye aliweza kunyamaza. Ningeenda Lindi, dawa ingelaumiwa, na Mama angeendelea kumwita dada. Badala yake alishika gongo akasimama, mtu mzima yule, akasema kwa sauti ya kusikika hadi wadini, "Dokta, mimi ndiye niliyeua dawa ya mtoto. Kila siku. Kwa maji haya haya." Kisha akaketi chini kwenye majivu akalia kama alivyolia, nadhani, siku alipoamka akakuta mguu haupo.

Dokta Neema alisimama, uso umekunjamana. Nilidhani atampiga. Lakini alikaa pale majivuni karibu naye. "Sikuwaambia," alisema taratibu. "Nilisema iwekwe kwenye baridi. Kwa nini, sikumwambia mtu." Halafu akainuka ghafla, karibu akanyage pweza, akakimbia kwenda kuangalia chupa zilizobaki.

Ijumaa ikasogezwa mbele. Dokta alisema atanipa nafasi moja, homa ikipanda hata kidogo gari linaondoka usiku huohuo. Sista Agata sasa aliitoa chupa na kusimama nayo mkononi kama askari. Na mimi sikusema na Bi Somoe. Nisijifanye mwema: nilimkasirikia mpaka nikawa nasikia uchungu ulimini. Kila nilipomwona nilikiona kibao cha cherehani kikinihama. Yeye hakuomba msamaha mara ya pili wala hakuacha kupika. Uji ulikuja, ugali ulikuja, samaki alikuja ametolewa miiba. Aliweka sahani kwenye kimeza akageukia ukuta. Kumwona Bi Somoe amenyamaza ilikuwa kama kuikuta bahari ya Kivinje imekauka, na wadi nzima iliugua kimya kile.

Kilichobadilika kwanza kilikuwa harufu. Niliamka asubuhi moja nikasikia vitunguu. Nikavuta pumzi tena, nikasikia mkaa, sabuni ya Sista, na majani yaliyolowa umande nje. Nilinusa mguu wangu kama mbwa. Hakuna kitu. Sista alipofungua bandeji ule ute wa kijani uliokuwa uking'ang'ania kidonda ulitoka na gozi wenyewe, na chini yake kulikuwa na wekundu, mbichi, unaong'aa, wekundu wa mdomo wa mtoto. Alimwita Dokta kwa kukimbia, na safari hii viatu vyake vilitoa sauti. Walipiga vigelegele wawili wale. Mimi niligeukia kitanda cha pili. Bi Somoe alikuwa bado ameuelekea ukuta, mabega yake yamekakamaa, anangoja kusikia. "Mmatumbi," nikamwita. "Mmatumbi wewe. Ulikula wako kwa muhogo, ukaona hautoshi, ukaanza kunichemsha wangu ukiwa bado mwilini?" Mabega yalianza kutikisika. Sikujua ni kilio au kicheko mpaka aligeuka, na vilikuwa vyote viwili. "Ulikuwa haujaiva," alisema.

Tangu mwaka ule sijaacha kwenda Pande kila nilipopata nafasi, na kila nilipofika alitazama miguu yangu kwanza, uso baadaye. Alipata mguu wake wa bandia, akauchukia, akaufanya kigingi cha kufungia mbuzi. Khanga zake zote nilizipinda mimi, kwa cherehani ya kukanyaga, hata nilipokuwa nimeshanunua ya umeme. Dokta Neema aliondoka Kivinje. Nasikia siku hizi anafundisha, na kwamba kila anapoeleza jambo la dawa zile huwa anataja pweza.

Nilipofika msibani nilianzia uani, kama inavyotakiwa. Nilipaza sauti, "Wamatumbi mmejaza ndoo za nini? Huyu mguu mmoja, nusu ndoo inamtosha!" Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka, wakanipiga kwa khanga, wakalia zaidi. Kazi yangu ilikuwa imefanyika. Kisha Mwajuma akanishika mkono akaniingiza ndani, kwa waoshaji. Bi Somoe alikuwa amelazwa chini ya shuka, mdogo kuliko nilivyomjua. Majani ya mkunazi yalikuwa yamepondwa, karafuu maiti iko kwenye kibakuli, na mama mmoja alikuwa ameshainua kata ya maji. Nikatia vidole kwenye ndoo. Yalikuwa ya kisima, ya alfajiri, baridi tupu.

"Ngojeni," nikasema. "Yapasheni kwanza. Huyu hataki baridi."

Wakatazamana. Mwajuma akaichukua ndoo. Mlangoni akageuka. "Yachemke?"

"Yasichemke, Mwajuma. Vuguvugu tu. Tunamjua mama yako kwa kuchemsha."

Alicheka, kisha uso ukamharibika, akatoka nje kwenye moto. Mimi nikapiga magoti, nikaingiza mikono chini ya shuka, nikaushika ule mguu wake mmoja kwa viganja vyote viwili, usipate baridi mpaka maji yaje.